Breki Hazifeli Zenyewe

Wale waliovuka Mto Kilombero pale Kivukoni, nje kidogo ya mji wa Ifakara, kabla ya daraja kuzinduliwa mwaka 2018, wanakumbuka utaratibu mmoja ambao haukuandikwa katika kanuni yoyote. Lori lililosheheni mpunga lilipoteremka kuelekea majini, utingo alikuwa wa kwanza kuruka chini, mkononi kashika kigingi cha mti mgumu. Gari liliposimama, kigingi kilisukumwa chini ya gurudumu. Dereva alikuwa amekwisha kukanyaga breki na kuvuta breki ya mkono, lakini aliyeaminiwa hasa kulizuia lori lisitumbukie mtoni alikuwa utingo na kigingi chake.

Daraja lile, lenye urefu wa meta 384, lilimpumzisha utingo. Halikuirekebisha breki. Malori na mabasi sasa hupita juu ya mto bila kusimama, na upande wa Kidatu, kazi ya kutandika lami katika kilometa 66.9 za barabara iendayo Ifakara imeondoa mashimo yaliyokuwa yakiwalazimisha madereva kwenda polepole. Haya ni maendeleo ambayo wananchi wa bonde waliyangojea kwa miaka mingi. Lakini kila barabara inapotengenezwa, breki hudaiwa zaidi. Nguvu ya mwendo haiongezeki sambamba na kasi. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara 4 ya gari hilohilo likienda kilometa 40, na nguvu yote hiyo ni lazima imezwe na breki siku mtoto wa shule anapokatiza barabara ghafla.

Kila inapotokea ajali ya gari kubwa kwenye mteremko, taarifa ya kwanza huwa kwamba breki zilifeli. Maneno hayo hupokelewa kana kwamba ni habari ya radi iliyopiga, jambo lisilo na mwenyewe. Gazeti hili linasema bila kusita kwamba breki hazifeli zenyewe. Nyuma ya breki iliyoshindwa kuna uamuzi wa mtu: aliyeisanifu, aliyenunua vipuri vyake, aliyeitengeneza, aliyeikagua, aliyepakia mzigo au aliyeshika usukani. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya malori, matrekta na matela yanayobeba mpunga, mbao na miwa katika Bonde la Kilombero husimamishwa na breki za ngoma, suala la kuziboresha breki hizo ni suala la uhai wa wananchi, wala si la mafundi peke yao.

Breki ya ngoma ni chombo rahisi kueleweka. Ngoma ya chuma cha kuyeyushwa huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake vimo viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyovikwa lainingi, yaani ukanda mgumu wa kusugua. Dereva akikanyaga breki, viatu hutanuliwa vikabana ukuta wa ndani wa ngoma. Chombo hiki kilianza kutumika katika magari mwanzoni mwa karne ya 20, na Louis Renault wa Ufaransa ndiye anayetajwa sana kuwa alikipa umbo lake mwaka 1902. Kabla ya hapo magari mengi yalitumia mkanda uliozungushwa nje ya ngoma. Mkanda huo ulilegea kwenye milima na kuteleza kila ulipolowa maji au kupakwa matope. Kuviingiza viatu ndani ya ngoma kulikuwa ndiyo hatua ya kwanza ya kuiboresha breki, na ilichukuliwa kwa sababu ambayo mkazi yeyote wa Ifakara anaielewa, nayo ni matope.

Hatua ya pili ilikuwa kuifanya ngoma yenyewe imsaidie dereva. Kiatu kimoja kikiwekwa ili ngoma inapozunguka ikivute kujibana zaidi, mguu mwepesi huzaa nguvu kubwa. Hata hivyo msaada huo una gharama yake. Breki inayojibana kupita kiasi hushika ghafla na kulivuta gari upande, na lainingi ikipoteza ukali wake kidogo tu, nguvu ya breki hupungua sana. Tangu wakati huo usanifu wa breki umekuwa kazi ya kupima: msaada kiasi gani, joto kiasi gani, uzito kiasi gani. Hiyo ndiyo sababu hakuna fundi anayeweza kubadili kipande kimoja cha breki kwa kukisia, akawa na hakika kwamba hakuharibu vipande vingine.

Adui mkuu wa breki ya ngoma ni joto. Walimu wa fizikia wanaweza kuwapa wanafunzi wao hesabu ifuatayo bila kutoka darasani. Lori lenye uzito wa tani 15 pamoja na mzigo likiteremka kimo cha meta 600, kama linavyoweza kufanya gari litokalo milima ya Mahenge kwenda kwenye tambarare ya Kilombero, hupoteza nguvu ya takribani megajuli 88. Nguvu hiyo inatosha kuchemsha lita 280 hivi za maji ya kawaida. Kama ingebebwa yote na ngoma nne zenye uzito wa kilo 45 kila moja, bila kupozwa na hewa wala kusaidiwa na injini, ngoma hizo zingepanda joto kwa zaidi ya nyuzi 900. Kinachookoa maisha ni upepo unaozipoza ngoma na injini inayolishika gari likiwa katika gia ndogo. Dereva anayeondoa gia mlimani ili aokoe mafuta huiachia breki mzigo ambao haikusanifiwa kuubeba.

Joto hilo huishambulia breki kwa njia mbili kwa pamoja. Kwanza, gundi inayoshikanisha lainingi huanza kuungua, na lainingi huteleza badala ya kushika. Pili, ngoma yenyewe hutanuka. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 400 ikipanda joto kwa nyuzi 300, kipenyo chake huongezeka kwa milimita 1.3 hivi. Mtu anaweza kuiona milimita moja kuwa ni kitu kidogo. Lakini katika breki za upepo za malori, kiatu husukumwa na kemu yenye umbo la herufi S, kemu huzungushwa na mkono, na mkono husukumwa na ufito utokao katika chumba cha upepo. Kila milimita ya kiatu hudai milimita nyingi za ufito. Katika chumba cha ukubwa unaotumika sana, ufito una nafasi ya milimita 64 tu, na ukipita 50 hivi nguvu yake huanza kuporomoka. Kwa hiyo gari linaweza kupimwa asubuhi likiwa baridi, likaonekana zima, na mchana likawa halina breki katikati ya mteremko. Dereva anakanyaga mpaka mwisho, ufito unafika mwisho, na ngoma bado imekimbia mbele ya kiatu.

Hapa ndipo maboresho yenye manufaa makubwa kuliko yote yalipofanyika. Mkono wa kurekebishia breki, uliokuwa ukikazwa kwa spana kila baada ya safari kadhaa, ulisanifiwa upya ujirekebishe wenyewe kadiri lainingi inavyolika. Marekani ililazimisha magari mapya yenye breki za upepo yawe na kifaa hicho tangu mwaka 1994. Lakini hata kifaa kizuri hushindwa mbele ya mazoea mabaya. Mwezi Aprili mwaka 2003, katika mji wa Glen Rock, jimbo la Pennsylvania, lori lilishindwa kusimama kwenye mteremko na watu wakapoteza maisha. Uchunguzi ulibaini kwamba breki zake hazikuwa zimerekebishwa vizuri, na ulionya dhidi ya tabia ya kuvikaza kwa mkono vifaa vinavyotakiwa kujirekebisha. Fundi anayefanya hivyo huondoa dalili na kuuacha ugonjwa, kwa maana kifaa kisichojirekebisha kinamwambia kwamba kuna kitu kingine kimelika au kimekwama.

Somo hilo linahusu nchi hii moja kwa moja. Magari mengi makubwa yaliyomo barabarani yaliingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na huendelea kuishi kwa vipuri vya kuchanganya. Ngoma iliyochakaa hupelekwa kwenye mashine ya kukereza ikasawazishwa, na ikirudi huwa nyembamba zaidi. Ngoma nyembamba hupata moto haraka, hutanuka zaidi na hupasuka mapema. Kwa sababu hiyo watengenezaji waangalifu huandika kwenye ngoma kipenyo ambacho ikikifikia haifai tena kutumika. Maandishi hayo ni sehemu ya usanifu wa breki sawa na chuma chenyewe. Karakana isiyoyasoma, au isiyo na kifaa cha kupimia kipenyo, inafanya kazi gizani.

Bonde la Kilombero lina jambo lake la ziada. Masika yanapofurika, magari hupita katika maji yanayofika kwenye vikombe vya magurudumu. Ngoma huzuia vumbi na tope kwa kiasi kikubwa, ndiyo faida yake dhidi ya breki ya sahani iliyo wazi. Lakini maji yakishaingia ndani hayana haraka ya kutoka, na mchanga ukinaswa humo huitafuna lainingi na ngoma kwa pamoja. Lainingi iliyolowa hushika kidogo sana mpaka ikauke. Dereva mwenye busara hutoka majini akikanyaga breki kidogokidogo huku akienda taratibu. Msanifu mwenye busara naye hutengeneza kingo za ngoma na bamba la nyuma ziwe na njia ndefu ya kuingilia maji na njia fupi ya kuyatoa, na huacha tundu la kuchungulia unene wa lainingi bila kuvua gurudumu. Mambo haya hayadai fedha nyingi. Yanadai mtu anayeijua barabara ambayo gari litapita.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa dunia imehamia kwenye breki za sahani. Ni kweli kwamba breki ya sahani hupoa haraka zaidi, na kwamba joto halitengi vipande vyake vinavyosuguana kama lifanyavyo kwenye ngoma. Malori mengi mapya ya Ulaya huzitumia. Lakini ngoma haijafa. Volkswagen ilipoleta gari lake la umeme la ID.3 mwaka 2020, iliweka breki za ngoma magurudumu ya nyuma, kwa sababu mota ya umeme hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, na ngoma iliyofunikwa haishiki kutu kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kanuni za Umoja wa Ulaya zijulikanazo kama Euro 7, zilizopitishwa mwaka 2024, zimeanza kuweka mipaka ya vumbi litokalo kwenye breki, na ngoma hulizuia sehemu ya vumbi hilo lisitawanyike. Ikiwa mataifa yenye viwanda vikubwa bado yanaisanifu upya, taifa ambalo malori yake yanaitegemea kila siku halina udhuru wa kuipuuza.

Vumbi hilo linagusa afya ya mafundi. Kwa miongo mingi lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, kwa kuwa ilistahimili joto na ilikuwa rahisi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia mwaka 2005, na Marekani ilipitisha marufuku mwaka 2024 iliyogusa hata lainingi za magari zinazouzwa kama vipuri. Kijana anayejifunza ufundi anapofungua ngoma na kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa, huku amekaa chini ya gari na mdomo wazi, hajui anavuta nini. Kufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ni kinga isiyo na gharama. Kujua lainingi inayonunuliwa imetengenezwa kwa kitu gani ni kinga kubwa zaidi, na hiyo iko mikononi mwa wanunuzi.

Swali linalofuata ni hili: je, nchi ina uwezo wa kufanya lolote zaidi ya kununua? Jibu limo ndani ya bonde lenyewe. Pale Mang'ula, kati ya Kidatu na Ifakara, karakana zilizoachwa na ujenzi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ziligeuzwa kuwa kiwanda cha umma cha mashine na vipuri chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Wananchi wa bonde waliona kwa macho yao chuma kikiyeyushwa na kukerezwa katika ardhi yao. Kiwanda hicho kilikuja kuzorota, lakini kuzorota kwake hakufuti ukweli kwamba kazi hiyo ilifanyika. Huko Kibaha, Shirika la Nyumbu lilionyesha katika miaka ya 1980 kwamba wahandisi Watanzania wanaweza kusanifu na kuunda lori. SIDO ipo tangu mwaka 1973, na Shirika la Viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji nacho kilianza mwaka 1975. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni kazi moja inayoviunganisha.

Ngoma ya breki ingefaa kuwa kazi hiyo. Si kipuri cha ajabu: ni chuma cha kuyeyushwa, kimekerezwa kwa vipimo. Lakini pia si sufuria. Chuma chake ni lazima kiwe na mchanganyiko unaopitisha joto na kuhimili nyufa, na kila toleo lipimwe kabla ya kufungwa kwenye gari. Kujitegemea hakumaanishi kuuza kitu kibovu kwa sababu kimetengenezwa nyumbani. Kunamaanisha kutengeneza kitu ambacho dereva wa Mahenge atakifunga kwa hiari kwa kuwa kimepimwa kwenye mteremko wa Mahenge, kikiwa na uzito wa kutosha kumeza joto, kingo za kuzuia maji ya Kilombero, na kipenyo cha mwisho kilichoandikwa kwa Kiswahili ambacho kila fundi atakisoma.

Hilo linadai muda. Yapo yasiyodai muda wowote, na hapa gazeti hili linawageukia watumishi wa umma. Ofisa ugavi anayechagua lainingi kwa kigezo cha bei ya chini peke yake hajaokoa fedha za wananchi, ameahirisha gharama mpaka siku ya msiba. Ofisa usafirishaji wa halmashauri anayesaini kwamba gari limefanyiwa matengenezo bila kuuliza unene wa lainingi wala mwendo wa ufito amesaini karatasi, hakukagua gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani, na haikusema kwamba gari la ofisi limesamehewa. Ukaguzi wa breki usiishie kwenye kukanyaga pedali uwanjani. Magari makubwa yapimwe kwenye mashine ya kupimia breki, na yale yanayofanya kazi milimani yawe na breki ya injini inayofanya kazi kwelikweli.

Walimu wana sehemu yao, nayo si ndogo. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba msuguano huzaa joto na kwamba chuma hutanuka kikipashwa moto. Mara nyingi anayajifunza hayo kwa mpira na pete ya shaba, anafaulu mtihani, kisha anapanda basi lisilo na breki bila kuona uhusiano wowote. Shule zilizo kando ya barabara ya Ifakara zina maabara inayopita mlangoni kila saa. Somo moja katika karakana ya jirani, mbele ya ngoma iliyovuliwa, litawafundisha vijana fizikia na uraia kwa pamoja, na huenda likamzindua msanifu ambaye taifa linamhitaji.

Utingo wa Kivukoni hakuwa mjinga. Alikuwa amepima hali ya breki ya gari lake kwa uzoefu, akaona haitoshi, akabeba kigingi. Alitimiza wajibu wake kwa chombo alichokuwa nacho. Wenye elimu, ofisi na mamlaka wana vyombo bora kuliko kigingi, na ndiyo maana wajibu wao ni mkubwa zaidi. Siku itakapotangazwa tena kwamba breki zilifeli, wananchi wana haki ya kuuliza maswali manne: nani alizinunua, nani alizitengeneza, nani alizikagua, na nani aliruhusu gari liondoke. Ofisi isiyoweza kuyajibu ianze leo kuandaa majibu yake, kabla ya masika.